Mzigo Mzito: Habari za Wasafiri wa Miguu katika Biharamulo na Ngara

Methali isemayo "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi" hutajwa siku hizi kwa mzaha, na wengi waitajao hawakumbuki kwamba ilizaliwa njiani. Ni methali ya misafara, ya siku ambazo bidhaa zote kutoka pwani kwenda bara, na pembe zote kutoka bara kwenda pwani, zilikwenda juu ya kichwa au bega la binadamu. Ndani yake mna sifa na hila pamoja. Sifa ni kwamba Mnyamwezi alikuwa hodari wa kuchukua frasila mbili, yaani ratili 70, mwezi baada ya mwezi, na kazi hiyo kwake ilikuwa alama ya utu uzima. Hila imo katika neno "mpe". Mwenye kusema methali hajitolei kushika hata ncha ya mzigo.

Naitanguliza methali hii kwa kuwa habari zilizoandikwa za safari katika nchi ya Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, karibu zote zatoka kwa watu ambao mizigo yao ilikuwa vichwani mwa wengine. Vitabu vyao ndivyo vinavyosomwa, na ndivyo vinavyotungiwa maswali ya mitihani. Wasafiri waliojichukulia mizigo yao wenyewe, nao walikuwa wengi zaidi na njia waliijua zaidi, hawakuacha kitabu. Shabaha ya makala haya ni kuwaweka wote katika njia moja, tutazame nani alibeba nini, na kwa sababu hiyo nani aliona nini.

Zamani jambo hili lingeweza kungoja. Sasa lina haraka. Mwaka 2019 Serikali iliyaunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na nchi iliyokuwa ikipitwa na malori yaendayo Rwanda na Burundi imeanza kungoja wageni. Miongoni mwa wageni wanaotumainiwa wamo wale wanaosafiri na shanta mgongoni, makundi ya watu wanane au kumi na wawili, kiongozi wao mmoja. Mtindo huo umeenea duniani, na Vietnam ni moja ya nchi zilizopata jina kubwa kwa ajili yake. Huko, katika milima ya Sa Pa, aghalabu anayewatangulia wageni ni mwanamke wa Kihmong, mwenyeji wa bonde lile lile wanalolitazama. Nchi ile nayo ina historia nzito ya mizigo: katika vita vya Dien Bien Phu mwaka 1954 jeshi la Wavietnam lililishwa na wachukuzi wa vijijini, makumi kwa makumi ya maelfu, wengine wakisukuma baiskeli zilizoimarishwa kwa mianzi, ambazo moja iliweza kuchukua zaidi ya kilo 200. Yeyote aliyemwona mtu wa Biharamulo akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kupanda mlima hatahitaji kuelezwa zaidi. Lakini Wavietnam wamejifunza kulieleza jambo lao kwa mgeni. Sisi kiongozi wetu atamweleza nini mgeni atakapotua shanta yake penye maporomoko ya Rusumo?

Neno tunalomwita mgeni huyo lafaa kufikiriwa. Mtalii ametokana na kutalii, na kutalii, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kusoma kwa makini, kupitisha macho juu ya maandishi hata maana itoke. Kwa hiyo mtalii wa kweli ni msomaji. Katika biashara yetu ya utalii tumemfanya kuwa mtazamaji wa wanyama tu, na sioni kwamba tumemtendea haki, wala sisi wenyewe hatukujitendea haki.

Msafara uliojulikana kuliko yote katika nchi hii ni ule wa John Hanning Speke na James Augustus Grant. Ulipotoka pwani mwezi wa Oktoba 1860 ulikuwa karibu na mji unaotembea: Wahotentoti 10 kutoka Rasi, Mabulushi 25 na jemadari wao, watumwa walioachwa huru 75, wapagazi 100 na kirangozi wao, nyumbu 12, punda 3 na mbuzi 22. Ulipofika Usui, nchi ambayo wenyewe waiita Rusubi na ambayo leo ni sehemu ya Biharamulo, ilikuwa mwisho wa Oktoba 1861, na mji ule ulikuwa umekwisha kunyauka. Mabulushi walikuwa wamerudi. Wahotentoti waliosalimika walikuwa wamerudishwa pwani kwa ugonjwa. Wapagazi wengi walikuwa wametoroka, na mwezi mmoja kabla yake msafara wa Grant ulinyang'anywa mali njiani na watu wa chifu Myonga.

Hivyo Speke aliingia Usui akiwa mwenye kundi dogo bila ya kupenda. Mtawala wa nchi, ambaye yeye amemwandika kwa jina la Suwarora, alikuwa na mali, na alikuwa na utaratibu. Kabla ya hapo alikwisha kupeleka wajumbe wenye fimbo ya shaba iliyofungiwa hirizi, ishara ya amri yake, ili mgeni apate kupita. Lakini kupita kulikuwa na masharti: kila mkubwa wa mpakani alikuwa na haki yake, na mtawala mwenyewe haki yake, katika merikani, shanga na masango, yaani nyaya nene za shaba. Speke akangoja mpaka katikati ya Novemba. Maofisa wawili, Virembo na Vikora, walikwenda na kurudi na hesabu za mali. Wezi wakaisumbua kambi usiku. Suwarora hakuuonyesha uso wake hata siku moja. Kisha msafara ukaruhusiwa kwenda Karagwe, na tarehe 25 Novemba mfalme Rumanika akawapokea kwa furaha, hata kitabu chote kikabadilika sauti: Karagwe ikawa bustani, Usui ikabaki shimo la wanyang'anyi. Hukumu hiyo imerudiwa na waandishi wengi waliofuata, na nadhani ni wakati wa kuikatia rufaa.

Hongo ambayo Speke aliilalamikia ilikuwa nini? Ilikuwa ada ya njia. Mwenye nchi alilinda kivuko, alikuwa na habari za vita na amani, alitoa watu wa kumsindikiza mgeni, na kwa hayo alitoza. Mtalii wa leo hulipa ada ya viza katika kituo cha mpakani, hulipa ada ya kuingia hifadhini, hulipa kwa kila usiku wa kambi, na risiti huitia mfukoni bila ya kuwaita wenyeji wanyang'anyi. Tofauti ni risiti. Wanafunzi wa Kiswahili watafahamu jambo jingine. Neno hongo, ambalo katika karne ya kumi na tisa lilikuwa jina la ada iliyojulikana, leo ni jina la rushwa. Nadhani sehemu ya mageuzi hayo ni kwamba lugha imechukua malalamiko ya mpita njia na kusahau hoja ya mwenye nchi. Suwarora ameshindwa kesi hata ndani ya kamusi.

Tena tuulize nani aliyekuwa akisema na nani katika siku zile za kungoja. Speke hakujua lugha ya Usui, na Kiswahili chake hakikutosha. Alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay. Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi na kurudi Afrika akiwa huru, alikigeuza kikawa Kiswahili. Mkalimani Nasib akakipokea na kukitia katika lugha ya wenyeji. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Neno moja lilipanda juu ya vichwa vitatu kabla ya kufika, kama mzigo wa merikani, na mwenye neno hakujua kilichopungua njiani. Kitabu hakificha kwamba Bombay na mwenzake Baraka hawakupatana, wala kwamba mara nyingi habari za barazani zilikuwa ni zile walizochagua wao kuzileta. Hata hivyo jalada la kitabu lina jina la mtu mmoja. Bombay alimfuata Burton, akamfuata Speke mara mbili, akamwongoza Stanley mwaka 1871, akaivuka Afrika pamoja na Cameron, na mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikampa malipo ya uzeeni ya paundi 15 kwa mwaka. Ukizigawa kwa maili alizotembea, kila maili ilipata senti za kuhesabika.

Jambo dogo lililomo katika kitabu hicho lanipendeza kuliko milima na mito yake. Pale Usui, mjumbe wa Uganda aitwaye Irungu, aliyekuwa huko kwa shughuli za mfalme wake, alikuja kumtembelea Speke, naye alijua Kiswahili kidogo. Basi mwaka 1861, kabla ya mission yoyote, shule yoyote na serikali yoyote ya kigeni, Mganda na mgeni waliweza kusemezana katika Biharamulo kwa lugha ya pwani. Lugha ile ilifika huko bila ya kuletwa na Speke. Ililetwa na watu waliotembea.

Watu hao walikuwa nani? Baadhi ni wafanya biashara wa pwani na Wanyamwezi, ndiyo, lakini nchi yenyewe ilikuwa na wasafiri wake wa zamani zaidi. Kati ya Biharamulo na Geita waliishi Warongo, mafundi wa kufua chuma, waliojua kuyeyusha udongo wa chuma katika tanuru na kuutoa jembe. Majembe yao yalikwenda Unyamwezi na kwingineko, yakawa mahari, yakawa fedha. Jembe ni mzigo wa ajabu: ni zito, haliozi, halivunjiki, na kila aendako mwenye nalo ana rafiki, kwa kuwa kila mtu hulima. Wachuuzi wa majembe hawakuhitaji bunduki 50 kuwalinda. Kundi la watu wachache lilitosha. Walilala katika nyumba za watu na walikula chakula cha watu, na kwa hiyo walilazimika kujua salamu za watu. Mwenye msafara mkubwa hupiga kambi yake nje ya kijiji, huzungusha boma la miiba, na asubuhi huondoka akiwa amekiona kijiji kwa mbali. Mwenye kundi dogo hupiga hodi.

Baada ya Speke walikuja wengine, na hao nitawapitia upesi. Stanley alipita kutoka Karagwe kwenda Unyamwezi mwaka 1876, na tena mwaka 1889 alipokuwa akimleta Emin Pasha pwani. Mwezi wa Septemba 1892 Oscar Baumann aliingia Burundi kutoka upande huu, akaandika kwamba watu walimfuata kwa nyimbo wakidhani amerudi mfalme wao wa zamani. Tarehe 2 Mei 1894 Gustav Adolf von Götzen, pamoja na Wajerumani wawili, von Prittwitz na Kersting, na mamia ya watu wa msafara, aliuvuka mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, akaingia Rwanda, na kabla ya mwisho wa mwaka huo akatokea kwenye mlango wa mto Kongo. Mwaka 1898 akaja Richard Kandt, ambaye katika makutano ya Ruvuvu na Nyabarongo, hapo hapo Rusumo, aliuliza swali la mwanachuoni: ni upi kati ya mito hii miwili wenye maji mengi, ili aufuate mpaka chanzo cha Nile? Akaufuata Nyabarongo. Götzen, yeye, alirudi Afrika akiwa na cheo, na tangu 1901 mpaka 1906 alikuwa gavana wa koloni lote, wakati wa vita vya Maji Maji. Mpita njia akawa mwenye nchi. Boma la Wajerumani lingali limesimama Biharamulo, na limewahi kutumika kuwa nyumba ya wageni.

Yasidhaniwe haya kuwa ni lawama juu ya kuandika. Mtumishi wa safari naye alikuwa na jicho, na alipopewa kalamu alionyesha. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, na humo, pamoja na safari za bara, mna habari za Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mwaka 1896 mpaka Urusi, Siberia na Samarkand. Huyo alikuwa mtalii wa Kiswahili katika kundi dogo, naye aliisoma nchi ya baridi kwa makini yale yale ambayo Wazungu waliisomea nchi yetu. Ni fasihi yetu, na haisomwi inavyostahili.

Twende sasa ndani ya hifadhi. Mgeni atakapoingia Burigi ataambiwa kwamba amefika katika pori lisiloguswa. Asiamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa nchi hizi kwa wingi wa kutisha. Ng'ombe walipokufa, majani hayakuliwa wala vichaka havikusafishwa, vikakua, na ndani ya vichaka wakaja mbung'o. Mbung'o walileta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Wanyama wa mwitu wakarudi mahali pa ng'ombe. Serikali ya Kiingereza, katika kupigana na malale, iliwakusanya watu wa Biharamulo katika makazi ya pamoja na kuwaondoa walikokuwa wametawanyika. John Ford, mtaalamu wa mbung'o aliyeifanyia kazi nchi hii, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1971, na hoja yake kubwa ni kwamba pori hili lina umri, nao si mrefu. Kwa hiyo mahali ambapo leo mtalii anatazama twiga, pengine palikuwa na migomba, na mwenye migomba hakuondoka kwa hiari. Kiongozi asiyelijua hilo anawaonyesha wageni nusu ya nchi.

Sasa nafika kwa wasafiri ambao kwangu ndio kiini cha habari. Vita ya 1914 hadi 1918 ilikuwa imeurudisha upagazi kwa mabavu katika Afrika ya Mashariki nzima, hata jina la Kariakoo likabaki Dar es Salaam kuwa kumbukumbu ya kikosi cha wachukuzi. Vita ilipokwisha, Wabelgiji walioikalia nchi hii tangu 1916 wakaondoka, na mpaka ukachorwa kwa mapatano ya 1919: Rwanda na Burundi kwa Wabelgiji, Tanganyika kwa Waingereza. Bugufi, nchi ya Wahangaza ambayo ilikuwa chini ya mfalme wa Burundi, ikabaki upande wa Tanganyika, nayo pamoja na Bushubi, nchi ya Washubi, zikawa wilaya ya Ngara. Kodi ikaja, tena ilitakiwa kwa fedha. Fedha ilikuwa wapi? Katika Ngara haikuwapo. Reli ilikuwa mbali, ziwa lilikuwa mbali. Kahawa ya Bugufi haikuanza kuleta fedha ila katika miaka ya 1930. Fedha ilikuwa Buganda, katika mashamba ya pamba na kahawa.

Ndipo wanaume wa Ngara, pamoja na Warundi wa ng'ambo, wakaanza kwenda Uganda kwa miguu. Walikwenda kidogo kidogo, watu wachache wanaojuana, mmoja wao akiwa amekwisha kuiona njia. Mzigo wa kila mtu ulikuwa wake: chakula cha njiani, kitu cha kujifunika, chombo cha kupikia ambacho walipokezana. Walipita Biharamulo, wakapanda kwa nchi ya Wahaya, wakavuka Kagera katika kivuko cha Kyaka, wakaingia Uganda, mwendo wa siku nyingi. Njiani kulikuwa na simba, mbung'o na mvua. Serikali zilipoona kwamba watu hawa ndio wanaolima mali yake, ziliweka kambi za kupumzikia na kuwapima afya. Katika miaka ya 1950 Audrey Richards na wenzake walichapisha uchunguzi mkubwa juu ya wageni hao wa Buganda, na ni kitabu ninachowasihi wanafunzi wa historia wakisome kabla ya kumsoma Speke.

Huko Buganda mtu wa namna hiyo aliitwa omupakasi. Neno hilo ni mpagazi, lililovaa nguo ya Kiganda. Neno lilitoka katika misafara, likapoteza msafara, likabaki na jasho. Omupakasi hakuchukua pembe ya mtu. Alichukua jembe la kibarua, na mwisho wa mkataba au wa msimu alirudi na nguo, na blanketi, na mwenye bahati alirudi na baiskeli. Wengine hawakurudi. Walioa, wakapewa kibanja, na wajukuu wao leo ni Waganda wasiojua kwamba babu yao aliota moto usiku katika pori la Biharamulo.

Hawa ndio waliokuwa na shanta mgongoni, katika kundi dogo, wakiongozwa na mwenzao mzoefu. Ukimlinganisha mtalii wa leo na Speke, umemkosea, maana hana bunduki wala wapagazi 100. Ukimlinganisha na kijana wa Bushubi aendaye Buganda mwaka 1930, umekaribia: wote wawili wachagua kitu gani kiachwe nyumbani, wote wawili wajua uzito wa kila ratili mabegani, wote wawili wategemea fadhili za watu wasiowajua. Linalowatenga ni kubwa, nalo ni kwamba mmoja ametoka kwa hiari na mwingine ametolewa na kodi. Mgeni mwenye akili akiambiwa hivyo hataudhika. Atalifahamu pori.

Katika Rusumo yapo mambo ambayo siwezi kuyapitia upesi. Kati ya tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 waliivuka daraja ya Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Tangu Götzen avuke mahali pale ilikuwa imetimia miaka mia moja kasoro siku chache. Yeye alivuka na mizigo iliyohesabiwa na kuandikwa. Hawa walivuka na kilichowezekana: godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni, mzee begani. Wengi walikuwa wakikimbia vita bila ya kosa lolote, na miongoni mwao walijificha waliokuwa na damu mikononi. Jambo hili la pili lisifichwe kwa ajili ya la kwanza. Wakapiga kambi Benako, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, na kwa siku chache pakawa mji mkubwa usiokuwa na nyumba. Wenyeji wa Ngara walitoa walichokuwa nacho, na walipoteza miti yao, na visima vyao vilikauka. Mwezi wa Desemba 1996, Serikali ya Tanzania ilipotangaza kwamba wakimbizi warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, maelfu kwa maelfu walianza kutembea kuelekea mashariki, ndani zaidi ya Tanzania, kwa njia ya Biharamulo. Wanajeshi na polisi wakawageuza. Barabara ikajaa watu kwa maili nyingi, mizigo ikiwa vichwani, wakirudi Rusumo.

Sijui jina la kuwaita watu wale katika hesabu ya wasafiri. Lakini aliyefundishwa kwamba historia ya Rusumo ni Götzen na Kandt, akasimama juu ya daraja ile na kuwasimulia wageni maporomoko tu, amewanyima jambo ambalo kila mwenyeji aliyepita miaka 40 analikumbuka kwa macho yake.

Watu wa utalii huniuliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili ajitie katika kazi yao. Sababu ni kwamba kiongozi wa wageni ni mkalimani, naye amekaa mahali pa Bombay na Nasib. Tofauti yake na wao ni kwamba ana uwezo wa kuchagua habari kwa jina lake mwenyewe. Katika Kilimanjaro, ambako upagazi ungali kazi ya maelfu ya vijana, sasa kuna kanuni kwamba mchukuzi asipewe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Ratili 70 za Mnyamwezi zilikuwa karibu kilo 32. Kanuni ile haikushuka mbinguni. Watu waliidai.

Njia ya kuwafaa wageni wa miguu katika nchi yetu ipo. Yaweza kuanza Biharamulo penye boma la Wajerumani, ikaja Lusahunga, na kutoka hapo ni kilomita 92 za barabara mpaka Rusumo, kwa Nyakahura na Benako. Lakini kundi dogo lisiifuate barabara ya malori. Livunje njia kwa vijiji, lilale kwa watu na kulipa, likae siku mbili Bushubi na siku moja Bugufi kabla ya kushuka mtoni. Viongozi wawe vijana wa huko huko, na kabla ya kupewa kazi waketi na wazee waliokwenda Buganda, kama bado wapo, au na watoto wao, wayaandike majina ya vituo na vivuko. Mgeni ajichukulie shanta yake. Asiyeweza, na wapo wasioweza, atafutiwe mchukuzi, mzigo upimwe mbele yao wote wawili, ujira utajwe kwa sauti, na jina la mchukuzi liandikwe katika daftari la safari, mstari ule ule lilipoandikwa jina la mwenye shanta.